Maji ya kifuu, bahari ya mbu

Mamangu mdogo anaishi Majengo, hapa Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Huko uani, nyuma ya mlango wa bafu, pana pipa la plastiki la samawati. Nimelijua tangu utotoni. Maji yake ndiyo ya kuoga, ya kufua, ya kuoshea vyombo na ya chooni kwa watu wanane, na kila mtu nyumbani anajua kipimo chake: makopo mawili asubuhi, matatu usiku.

Mwezi wa Mei mwaka jana, masika yakiwa yamepamba moto, nililimulika pipa lile kwa tochi ya simu. Juu maji yalikuwa shwari. Karibu na ukingo kulikuwa na vijiti vyeusi, vifupi kuliko punje ya mchele, vikijipinda na kujinyoosha. Mwanga ulipovipiga vilizama vyote kwa pamoja. Baada ya muda vikaanza kupanda kimoja kimoja, vikaning'inia kichwa chini mkia juu, vikivuta pumzi. Nilihesabu viluwiluwi 40 nikaachia hapo.

"Mama mdogo, maji haya yana wadudu."

"Nawajua, mwanangu. Nayachuja kwa leso."

"Ingefaa tuyamwage."

Akaweka chini ungo wa mchele aliokuwa akipeta. "Niyamwage nikayapate wapi? Bomba mara ya mwisho lilitoka Jumanne ile nyingine, saa nane za usiku. Niliamka peke yangu nikayakinga kopo kwa kopo hadi adhana ya alfajiri."

Sikuwa na jibu. Wiki mbili baadaye mjukuu wake wa miaka 11 akashikwa na homa kali, macho yakimuuma kwa ndani, mgongo hauinuki. Kliniki moja ya mtaani ilimpa dawa ya malaria bila kumtoa hata tone la damu. Siku ya tano upele ukamtoka kifuani, tukampeleka kwingine, akapimwa. Ilikuwa homa ya dengi. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma alizaliwa ndani ya pipa lile. Ila mbu wa dengi si msafiri. Wengi wao huishi na kufa ndani ya mita mia moja au mia mbili za mahali walipozaliwa. Akikuuma, ama katoka kwako ama katoka kwa jirani.

Yanapotajwa maji yaliyotuama hapa Mombasa, kila mtu hukumbuka mtaro ulioziba, dimbwi la barabarani, uvundo, matatu zikirusha matope. Huko ndiko kamera huenda, na ndiko viongozi huenda wakiwa wamevaa mabuti ya mpira. Mimi nadai kwamba maji yanayotuua polepole yako ndani ya nyumba zetu, tumeyateka wenyewe kwa taabu na kuyalinda kama mboni ya jicho, kwa sababu bomba haliaminiki. Dengi na chikungunya, homa ya kukunja viungo inayoletwa na mbu yuleyule, huku kwetu ni magonjwa ya uhaba wa maji kama yalivyo magonjwa ya mvua. Tusipolikubali hilo tutaendelea kupuliza moshi barabarani huku mbu akitagia bafuni.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Lamu. Mwaka 2004 chikungunya ilikishika kisiwa kile, na uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba ya mwaka huo ulikuta takriban robo tatu ya wakazi wameambukizwa. Robo tatu ya mji mzima! Mtu angedhani yalitangulia mafuriko. Watafiti waliofukua rekodi za hali ya hewa walikuta kinyume chake: miezi ya kabla ya mlipuko ilikuwa ya ukame na joto kupita kawaida. Visima vilipungua, watu wakahifadhi maji majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu akapata anachokitaka. Kabla mwaka haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2005 ukavuka hadi Ngazija, kisha kisiwa cha Réunion, ambako takriban theluthi ya wakazi waliugua. Moto ulioenea nusu ya Bahari ya Hindi uliwashwa na mitungi ya maji iliyokaa siku nyingi mno.

Na haya si mambo ya jana. Jina chikungunya ni la Kimakonde, kwa jinsi ugonjwa unavyomkunja mtu viungo. Madaktari waliliandika kufuatia mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Dengi nayo, wataalamu wengi wa maneno wanaona imetokana na Kiswahili chetu, kidinga pepo, jina ambalo daktari James Christie alilikuta Unguja wakati wa mlipuko wa 1870. Wenzetu wa Tanzania hadi leo husema kidingapopo. Babu zetu waliijua homa hii vizuri kiasi cha kuipa jina, nasi leo tunaiita malaria na kununua dawa isiyoihusu.

Mbu mwenyewe ni Edesi, yule mdogo mweusi mwenye miguu ya madoa meupe. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya magharibi, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hataki maji ya mtaro. Anataka maji masafi kiasi, yaliyotulia, kivulini, karibu na watu. Katika miaka ya 1970 watafiti waliofanya kazi Rabai, hapo juu tu tukitoka Mombasa, waliwakuta Edesi wa namna mbili wakiishi jirani: wa msituni, weusi zaidi, waliozaliana katika mashimo ya miti, na wa majumbani waliozaliana katika mitungi ya maji ya kunywa. Mbu huyu ameishi na mtungi wetu siku nyingi hata akaachana na msitu.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na lingebadilisha mazoea ya nyumba nyingi, ni hili. Edesi jike hatagi mayai yake majini. Huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, meusi, madogo kama vumbi la makaa. Hapo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, yakingoja. Siku maji yatakapopanda na kuyafunika, yanaanguliwa, na kwa joto letu la pwani mbu kamili huruka baada ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo anayemwaga maji na kujaza upya bila kusugua hajafanya kitu, amewaamsha waliolala. Pipa lazima lisuguliwe kuta zake za ndani kwa brashi ngumu au kumbi la nazi, mpaka ukingoni, mara moja kila wiki. Na kifuniko kilichopinda ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu mbu hupita kwenye upenyo na kukuta giza analolipenda. Kipande cha chandarua kikuukuu kilichokazwa kwa mpira kinashinda kifuniko kama hicho.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mbu pia. Tembea kutoka Mwembe Tayari hadi Makupa baada ya mvua ya usiku mmoja uhesabu bahari zilizoachwa wazi: madafu yaliyokwisha kunywewa yamerundikwa nyuma ya mkokoteni, tairi kuukuu mbele ya gereji, ndoo za rangi kwenye majengo yasiyokwisha, visahani vya vyungu vya maua barazani, na juu ya mapaa matangi yaliyopoteza vifuniko vyake. Tairi ndizo mbaya zaidi. Hushika maji kwa ndani hata ukizigeuza, hupata joto, na mayai yaliyobandikwa ndani yake husafiri melini kutoka bandari moja hadi nyingine. Mji wa bandari kama wetu ulipaswa kuziogopa kuliko miji mingine.

Dengi ililipuka hapa 2013, ikarudi 2017, ikarudi tena 2021. Katika mlipuko wa 2013, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Tudor ulikuta takriban watu 13 kati ya kila 100 wana dalili za damu za maambukizi ya karibuni. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 chikungunya nayo ikaingia mjini, nikawaona watu wazima wakishuka ngazi kwa makalio kama watoto wachanga. Virusi vya dengi viko vya namna nne. Aliyepona namna moja hupata kinga ya hiyo moja, na akishikwa na namna nyingine baadaye anaweza kuugua vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza, hata kuvuja damu. Mtoto wa Mombasa aliyezaliwa 2012 amekwisha kupitia milipuko mitatu kabla ya kutimiza miaka kumi. Hatuna dawa ya kuua virusi hivyo. Ni kunywa maji kwa wingi, kupumzika na parasetamoli, na kujiepusha na aspirini na ibuprofeni kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Maduka yetu ya dawa huziuza zote kwa kilio kimoja cha "mwili unaniuma". Naomba wauzaji wanaosoma hapa walishike hilo.

Kuhusu moshi. Kila homa ikivuma, magari hupita yakipuliza dawa na watu hufurahi kuona jambo linafanywa. Dawa ile huua mbu wazima wanaoruka nje saa ile. Edesi saa ile yuko chini ya kitanda au nyuma ya kabati la nguo, na mayai yake yako bafuni, na moshi hauyagusi. Baada ya wiki moja kizazi kipya kiko hewani. Sisemi moshi usitumiwe kabisa. Katikati ya mlipuko unaweza kupunguza makali kwa siku chache. Nasema fedha zinazokwenda kwenye moshi zingelipa wahudumu wa afya wa kijamii waingie nyumbani wakiwa na tochi, wakae na mama kama mamangu mdogo, wamuoneshe mayai yako wapi.

Mtaro mchafu sijausahau. Una mbu wake, Kuleksi, yule anayelia sikioni usiku kucha. Anazaliana katika mashimo ya vyoo yenye ufa, katika karo na mitaro yenye majitaka, na ndiye mmoja wa wanaosambaza minyoo ya matende na mabusha, ugonjwa ambao kaunti zetu za Pwani zimeubeba kwa vizazi. Hauji na homa ya kukulaza kesho. Minyoo hukaa mwilini miaka mingi kabla mguu haujafura. Kwa hiyo hauleti kamera, na wagonjwa wake hujificha.

Mbu wa malaria, Anofelesi, kwa kawaida hupenda vidimbwi vya maji masafi yanayopigwa na jua, na kwa hilo mji uliojengeka ulikuwa afadhali kuliko shamba. Afadhali hiyo iko mashakani. Mwaka 2022 kulithibitishwa Kenya, huko Marsabit, aina ya Anofelesi kutoka Asia iitwayo stefensi, ambaye huzaliana matangini na mapipani mwa mjini kama Edesi. Alionekana Djibouti, mji wa bandari mwenzetu, mwaka 2012, wakati nchi ile ilikuwa karibu kuiaga malaria. Mwaka 2020 ilisajili zaidi ya wagonjwa 70,000. Akifika hapa na kukuta mapipa yetu yalivyo, itakuwa malaria nayo imepata mlango wa bafuni.

Sasa ardhini. Mji huu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, mwamba wenye matundu kama sifongo. Maji hupita ndani yake kwa urahisi, na kila kilicho ndani ya maji hupita nayo. Vituo vya kusafishia majitaka ni viwili, Kizingo kisiwani na Kipevu upande wa bara, na nyumba nyingi hazijaunganishwa na chochote, zina shimo. Kisauni na Likoni utakuta shimo la choo na kisima vikitazamana uani, hatua chache kati yao. Wakati wa masika maji ya ardhini hupanda, shimo hujaa kutoka chini, na kile kilichotuama chooni hukutana na kile kitakachotekwa asubuhi. Kipindupindu na homa ya matumbo hazihitaji maelezo zaidi ya hayo. Bomba likikauka, watu hurudi kwenye visima hivyo. Tunarudi palepale.

Nako juu ya ardhi, bahari ina ratiba yake. Mabaharia wetu wanajua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yale madogo ya katikati, kuliko kalenda ya ukutani. Katika bamvua, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mitaro inayomwaga baharini inakuwa haina pa kumwaga, na maji hurudi mitaani. Novemba 2023 tuliyaona mafuriko ya El Niño yakiingia majumbani. Huwezi kuilaumu bamvua. Ipo tangu kabla ya Ngome ya Yesu. Unaweza kumlaumu aliyejenga juu ya mkondo wa maji, na aliyepitisha ramani yake.

Yanayofanikiwa kutoka huishia kwenye hori za Tudor na Port Reitz, yakiwa na majitaka, mafuta ya gereji na taka za plastiki. Uchafu huo unapooza hula hewa iliyo majini, samaki wachanga hukosa pumzi, na tope hufunika mizizi ya mikoko inayopumua kwa kuchungulia juu ya matope. Hori la Mwache lilipoteza mikoko mingi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, ilipozikwa na udongo uliosombwa kutoka bara. Wavuvi wa Mikindani wanajua kamba wadogo hukulia wapi, na wanajua kwa nini wavu siku hizi unarudi mwepesi.

Kutuama kwenyewe si dhambi ya maji. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na birika la mawe bafuni, na chini kabisa ya birika palijengewa bakuli la kauri ya Uchina. Kazi ya bakuli lile ilikuwa kuhifadhi maji kidogo birika linapopungua, ili samaki wadogo waliowekwa mle wasife. Na kazi ya samaki ilikuwa kula viluwiluwi. Waliojua kuwa maji lazima yahifadhiwe waliyawekea mlinzi. Kule Bamburi, mashimo yaliyoachwa na uchimbaji wa mawe ya saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya René Haller, mtaalamu wa kilimo, na madimbwi yake yakatiwa samaki. Leo watoto wa shule huenda kutembea mahali palipokuwa jangwa jeupe. Maji yale bado yamesimama. Yana uhai ndani yake na yana mtu wa kuyaangalia.

Sasa narudi kwenye swali la mamangu mdogo, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Mtu anaweza kuambiwa amwage maji pale tu anapojua mengine yatakuja lini. Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, vyanzo vyetu vyote vikijumlishwa, havijatosheleza hata nusu ya mahitaji ya mji, na Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale halitaijaza mitungi ya kesho. Hilo tunalielewa. Mgao utakuwepo. Lakini mgao usio na ratiba ndio unaomfanya mtu arundike maji kwa hofu na ayashikilie wiki tatu. Kama Majengo ingejua kwa hakika kwamba maji yatatoka kila Alhamisi, kila nyumba ingesugua pipa Jumatano usiku na kuingia Ijumaa na maji mapya, na mzunguko wa mbu ungekatwa kabla ya siku zake kutimia, bila tone la dawa. Ratiba inayotimizwa ya mgao wa maji ni chombo cha kupambana na dengi. Sijawahi kuisikia ikijadiliwa hivyo katika kikao chochote cha afya.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti huduma za maji na usafi, mitaro ya maji ya mvua, na afya. Kazi zote tatu ziko chini ya paa moja. Basi bajeti ya bomba na bajeti ya hospitali zisomwe pamoja, mezani pamoja, na anayekata ya kwanza aulizwe kuhusu ya pili.

Kijana alipona, ingawa nywele zilimpukutika mwezi mzima. Mamangu mdogo ameliuza pipa la samawati akanunua mawili madogo, yanayotumika kwa zamu, moja likiisha linasuguliwa kwa kumbi na kuanikwa juani. Juu ya kila moja kuna kipande cha chandarua kimekazwa kwa mpira wa suruali. Usiku, kabla ya kulala, bado anaufungua mfereji wa uani na kuweka sufuria tupu chini yake, ili matone ya kwanza yakigonga bati yamwamshe.